Mwiko wa Dripu

Kwetu dawa haitolewi peke yake. Inakuja na mwiko wake. Mganga akikuchimbia mizizi ya mgongo atakwambia usivuke mto kabla hujamaliza kuinywa, au usipeane mkono na mtu asubuhi, au usile bamia. Ukipona, dawa ni nzuri. Usipopona, hakuna anayeiuliza dawa. Wanakuuliza wewe ulikula nini. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na sikuwahi kuiona ya ajabu, mpaka mama yangu alipougua katikati ya miaka ya tisini, ndipo iliponichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kisawasawa. Wazazi wangu walikaa Ifakara mjini, Viwanja Sitini, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga kidogokidogo kwa mpunga. Shamba lilikuwa Namawala. Mvua zikianza walihamia huko, wakaishi kwenye kibanda cha shambani mpaka mavuno, kama watu wote wa bonde. Mimi ndiye mtoto wao wa kwanza, na mtoto wa kwanza akiwa mwanamke, tena hana mume, basi kila mgonjwa wa ukoo ni wake. Hakuna kikao kilichokaa kunichagua. Siku moja unajikuta umeshika ndoo na chupa ya chai kwenye benchi la hospitali, na watu wanapita wanakupa pole.

Uvimbe ulianza kwenye titi la kushoto. Mama aliuficha chini ya kanga kwa muda ambao hakutaka kuutaja. Daktari alipomuuliza alijibu, "Siku chache hivi," kwa sauti ya mtu anayezungumzia mafua. Walimkata titi. Kidonda kilipofunga ikaonekana tezi kwapani, na nyingine ndogo, ngumu, juu ya mtulinga, pale shingo inapoanza. Daktari akasema kisu kimefanya kazi yake, sasa inahitajika dawa itakayotembea mwili mzima. Ingetolewa kwa dripu, na ingeagizwa Dar es Salaam.

Dripu ya kwanza nilikuwepo. Nesi wa wodi ile alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa upande wa Mahenge kama sisi, mwenye mikono mizito isiyotetemeka. Alipokuwa anatafuta mshipa mama akamwuliza kwa upole, "Na mwiko wake, dada?"

Nesi hakuinua macho. "Samaki asiye na magamba. Usimguse mpaka umalize dripu zote."

Mama akatikisa kichwa, akajilaza vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie hospitali nimwone ametulia. Sasa alikuwa amepewa dawa anayoifahamu.

Samaki asiye na magamba, kwa mtu wa Ifakara, ni kambale na kitoga. Maana yake ni mboga ya karibu kila siku. Na mama alipenda kambale wa kubanika kiasi kwamba baba alikuwa akimtania kwa wageni, anasema huyu mwanamke aliolewa na mto, mimi ni shemeji tu. Aliuacha mto huo siku hiyohiyo. Sufuria iliyowahi kupika kambale aliisugua kwa majivu kabla haijachemshiwa uji wake. Akialikwa kwenye shughuli alikula wali mkavu. Watu wakadhani anajivuna. Ilikuwa Kwaresima isiyojua Pasaka yake itaangukia lini.

Kila baada ya majuma kadhaa ilikuwa safari ileile. Ijumaa naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu mwema lakini wema wake ulianza kupungua. Napanda gari lolote linaloelekea Ifakara, nafika nimepakwa vumbi mpaka kwenye kope. Asubuhi baba anamweka mama kwenye karia ya baiskeli, anaisukuma, nami nafuata nyuma na ndoo. Halafu benchi. Halafu dripu. Halafu kurudi, na mama anatapika mpaka anatoa maji ya kijani, na mimi namwaga, nasuuza, naleta tena. Nywele zilimtoka akazikusanya kwenye karatasi na kuzichoma mwenyewe, hakutaka mtu azione. Mdomo ukajaa vidonda. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini yeye tulimwuliza, tukambembeleza, na bado aliukataa. Nilikuwa nampenda mama yangu, na nilikuwa nimemchoka, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kulisema hilo.

Kilichotubeba ni tezi ya kwapani. Baada ya dripu ya pili ilianza kunywea. Baadaye mama akawa anakiweka kidole changu juu yake, "Hebu tafuta," naitafuta naikosa, anacheka. Ile ya juu ya mtulinga haikusogea. Mwili mmoja, dripu moja, damu ileile inayopita kote, lakini moja imeyeyuka na nyingine imekaa. Tulisema itafuata, ni mkaidi tu. Baba alisema hata ng'ombe wa Wasukuma hawaingii zizini wote kwa pamoja.

Sasa kuhusu yule samaki. Mimi nilikuwa Kisawasawa, nililisikia baadaye kutoka kwa baba mwenyewe. Mama alikuwa hajala kitu cha maana kwa siku kadhaa, kijiko cha uji, tonge la ugali analizungusha mdomoni kisha analitema. Baba akachukua baiskeli akaenda mpaka kivukoni, akarudi na kambale wa kubanika amemfunga kwenye jani la mgomba. Akampasha kwenye makaa, akamchambua miiba yote, akamweka juu ya wali.

Mama akamwambia, "Mzee wangu, huyu si mwiko?"

"Mwiko ni wa watu wanaokula vitu vingine," baba akajibu. "Wewe huli chochote. Kula."

Akala. Alikula wote, akalamba vidole, akalala mchana kutwa bila kuguna. Baba alimsimulia jirani jioni ile kwa furaha. Hilo ndilo lililomponza, kwa sababu jirani alikuwa na mdomo.

Dripu iliyofuata haikutundikwa. Daktari alimpapasa mama shingoni, akapapasa tena. Uvimbe wa juu ya mtulinga ulikuwa umekua, na pembeni yake kulikuwa na mwingine mpya. Alikuwa daktari kijana, si mtu wa bonde, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alituambia bila kuzunguka kwamba dawa hii haiufanyi chochote uvimbe ule, na kuendelea nayo ni kumtesa mama bure. Angempa dawa za maumivu. Baba alikuwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Aliivaa, akatoka, na tulipomfuata tulimkuta ameshaishika baiskeli, anaangalia gurudumu kana kwamba lina pancha.

Shangazi, dada yake baba, alikuja nyumbani kesho yake, maneno ya jirani yameshamfikia. Alivua viatu, akampa mgonjwa pole, akakaa, na swali lake la kwanza likawa lile nililolijua. "Alikula nini?"

Mama aligeukia ukutani. Ndipo baba, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema, "Nilimlisha kambale."

"Kaka," shangazi akasema, akavifuata viatu vyake. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliondoka na ile *kaka* yake, na kabla ya Jumapili ukoo mzima ulikuwa unajua. Mtu mmoja kanisani alinipa mkono akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilitamani kumwuliza sikio limefanya kosa gani.

Baba aliacha kula nasi. Akahamishia mkeka wake kwenye jiko la nje. Mvua zilianza kunyesha, wenzake wakapita na majembe wakielekea Namawala, wakamwita, akawajibu kwamba atakuja. Hakwenda. Mbegu ilikaa kwenye gunia kona ya chumba. Mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa bure hata siku ya Krismasi alikuwa anashinda ameegemea ukuta wa jiko, ananitazama nikipita na ndoo, kisha anatazama chini.

Mama aliyaona yote hayo kutoka kitandani. Siku moja nikimkanda miguu aliniambia, "Mimi ninakwenda, hilo limekwisha, usinibishie. Lakini mgonjwa wa nyumba hii sasa ni baba yako. Nikimwacha hivi atanifuata kabla ya mavuno. Nenda kamwulize daktari kama ni samaki. Uniletee jibu lenye miguu, siyo maneno ya kunituliza."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye lile benchi mpaka wagonjwa walipokwisha. Daktari aliponisikiliza alikunja uso.

"Samaki? Nani kasema samaki?"

Nesi alikuwa palepale anakunja shuka, na mikono yake ilikuwa imesimama.

Daktari hakulisubiri jibu. Alivuta kiti, na ninamshukuru mpaka leo kwamba alinieleza kama mtu mzima. Alisema watu wanafikiri uvimbe ni kitu kimoja, kama jiwe. Siyo. Ni umati wa seli, na ingawa zote zimetoka kwa mama mmoja, hazifanani. Kila zinapogawanyika zinakosea kidogo, na kila kosa linazaa ukoo wake. Nyingine dawa ikizikuta zinakufa upesi, ndizo zilizokuwa kwapani. Nyingine zina kama pampu kwenye ngozi yake, dawa ikiingia zinaisukuma nje kabla haijafanya kazi. Nyingine zinaharibiwa kweli, ila zina ufundi wa kujitengeneza haraka. Na kuna zilizolala. Dawa hizi, alisema, zinamkamata anayegawanyika, aliyelala zinampita.

"Kwa hiyo zilijifunza kuikataa dawa?" nikauliza.

"Zipo zinazojifunza. Lakini uvimbe wa mama wa hapa juu haukupungua hata siku ya kwanza. Huo haukujifunza kitu, mwalimu. Ulikuwa hivyo kabla hatujatundika chupa. Angekula samaki au asingekula, ingekuwa hivi hivi. Tena mtu asiyekula tunamsihi ale samaki."

"Na mngejuaje mapema?"

"Hapa hatuna namna ya kujua. Tunatundika, tunasubiri."

Nilipotoka nesi alinifuata mpaka kwenye ukumbi. "Mwalimu, ngoja. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua. Nilikuwepo."

"Wote nawapa. Huyu bamia, yule maboga, mwingine samaki. Nisipowapa mwiko hawarudi dripu ya pili. Dawa isiyo na mwiko wanaona ni maji ya chumvi. Wewe unawajua watu wetu." Alikuwa anaisokota shuka mikononi. "Sikufikiria siku ambayo dawa haitafanya kazi."

Nilikasirika. Na kwa wakati huohuo nilijua anachosema ni kweli, kwamba mama alirudi kwenye dripu ya pili na ya tatu na zilizofuata kwa nguvu ya mwiko ule, siyo kwa nguvu ya maelezo ya daktari. Sikuwa na pumzi ya kumgombeza mtu. Nikamwambia aje nyumbani amwambie baba mwenyewe.

Alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa kitenge cha kanisani. Alimwamkia baba, "Shikamoo baba," akakaa chini kwenye mkeka ingawa tulimletea kiti, akasema yote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Alivyorudi aliniambia, "Mama mwenye huruma sana yule. Amekubali kubeba mzigo usio wake." Akarudi kwenye ukuta wake.

Basi nikajaribu mimi. Nilichora mviringo ardhini kwa kijiti, nikaweka nukta ndani yake, hizi zinakufa, hizi zina pampu, hizi zimelala. Ndiyo kazi yangu, nimefundisha watoto kitu kigumu kuliko hicho. Baba alinitazama kwa adabu ileile ya mwanafunzi anayesubiri kengele. Nilipomaliza alisema, "Sawa, mwalimu." Hakuwa ameniita mwalimu hata siku moja.

Nilimpelekea mama jibu kama alivyoniagiza. Nilikuwa nimechoka, nililisema kwa mkato, nikadhani hatalishika. Alifumba macho. Kisha akasema, "Niitie baba yako. Na mnitoe nje."

Tulimtoa na godoro lake, tukamlaza barazani. Baba akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo. Mama alikuwa ameshapungua sauti, ikabidi baba asogee, na nadhani mama alikusudia hivyo.

"Unaukumbuka mwaka ule maji yalipotukimbiza shamba?"

"Naukumbuka."

"Mpunga wetu ulikwenda wapi?"

"Ulizama. Ukaoza."

"Wote?"

Baba akafikiri. "Siyo wote. Kulikuwa na mashina. Huku moja, kule moja. Maji yalivyopanda nayo yalipanda, yakatoa vichwa juu. Tukayavuna kwa mtumbwi."

"Mbegu yake ulinunua wapi?"

"Mbegu ileile. Gunia lilelile. Mbegu yetu imechanganyika, unajua."

"Nani aliyaambia mashina hayo kwamba maji yanakuja, ili yarefuke?"

"Hakuna."

"Yalijifunza lini?"

"Hayakujifunza. Yalikuwa hivyo tangu gunia." Baba alisema hivyo, na niliona uso wake ukibadilika kama mtu aliyeshika kitu akakuta ni cha moto.

"Ndiyo hayo yaliyo shingoni kwangu," mama akasema. "Dripu ni mafuriko. Imezamisha yale iliyoweza kuyazamisha. Haya mengine yalikuwa marefu toka mwanzo, kabla ya nesi, kabla ya kambale, kabla yako. Umeelewa, mzee wangu?"

"Nimeelewa."

"Usiniitikie tu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama watoto."

"Basi kalime. Watu wanamaliza kupanda wewe unalinda ukuta."

Siku ile baba alirudisha mkeka wake ndani. Asubuhi alifunga lile gunia la mbegu kwenye baiskeli akaenda Namawala, amechelewa kuliko wote, na alirudi kila Jumamosi na tope mpaka magotini. Alikuwa anamhadithia mama mpunga umefika wapi. Mama alimsikiliza amefumba macho, anauliza ndege, anauliza magugu. Shangazi alikuja tena, akataka kuanza, mama akamwambia kwa ile sauti iliyobaki, "Wifi, hilo tumeshalimaliza," na kweli likawa limekwisha. Mama alifariki mpunga ukiwa unachanua. Alikwenda akiwa mtulivu, maana kazi aliyoiona imebaki alikuwa ameifanya. Nilipewa pole nyingi na nilihisi zaidi ya yote usingizi. Nililala siku ya pili ya matanga, watu wamejaa uani, na hakuna aliyeniamsha.

Baba aliishi. Alilima, akavuna, akazeeka taratibu. Kwa miaka kadhaa nilijivunia jambo lile moyoni, kwamba angalau kitu kimoja katika ugonjwa ule tulikiponya. Nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu habari ya mbegu na mafuriko.

Kisha ukaja mwaka mmoja wa mavuno mazuri, mwishoni mwa miaka ileile ya tisini. Tulikuwa Namawala mbele ya kibanda, yeye anashona midomo ya magunia, mimi namshikia. Nilikuwa na furaha, nikasema kitu ambacho hakikuhitaji kusemwa. Nikamwambia mama alimwelewesha vizuri siku ile, kuliko mimi na michoro yangu.

"Nilikuelewa wewe," akasema. "Siku ileile uliyochora. Mbegu naijua, mwanangu. Nilivyosikia tu kwamba hazifanani, nilishamaliza."

"Sasa mbona uliendelea kukaa pale ukutani?"

Alivuta uzi, akaukaza, hakunitazama. 

"Mama yako alitaka nielewe, nikamwambia nimeelewa, akaenda salama. Lakini wewe fikiri. Kama ni samaki wangu, basi kulikuwa na njia ya yeye kupona, mimi nikaiharibu. Kama si samaki, basi njia haikuwepo. Tangu siku ya kwanza, haikuwepo." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nilikuwa nataka iwepo."